Kurudi darasani wakati na wewe ni mwalimu



Najua nimepotea. Niko Mwamanyili, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, kwa mama mkubwa, likizo ya wiki mbili. Kwa wasiopajua huku: zamani tulikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, mpaka mwaka 2012 ulipozaliwa mkoa wa Simiyu na makao makuu yakawekwa Bariadi. Busega ndiyo wilaya pekee ya Simiyu inayogusa Ziwa Victoria, kwa hiyo huku tunakula sato na tunalima pamba. Mtandao wenyewe unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga...

Leo sina siasa wala sina Simba na Yanga. Leo nataka tuongee PhD. Ndiyo, PhD. Najua kati yenu wapo waliokwishaanza, wapo wanaojaza fomu, na wapo wanaosema "mwakani" kila mwaka. Mimi mwenyewe sina hiyo shahada na wala siiwindi, kazi yangu ni kuandika habari. Lakini kwa siku kumi sasa nimekaa nyumba moja na mwanafunzi wa PhD, na ubishi tuliobishana umenifundisha kitu ambacho sijawahi kukiona kimeandikwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana naandika.

Dada yangu, mtoto wa huyu mama mkubwa, ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa nchini. Mnajua utaratibu wa vyuo vyetu: ukiwa na uzamili tu utabaki mhadhiri msaidizi mpaka nywele zote ziwe nyeupe. Kupanda ni lazima uwe na uzamivu. Basi mwaka jana akaanza PhD ya masomo ya maendeleo, kwa ile njia ya masomo ya darasani na tasnifu. Ada ya mwaka wa kwanza haikutoka serikalini wala kwa mfadhili. Walitoka ng'ombe watatu kwenye zizi hili ninaloliona nikiandika.

Sasa amekuja likizo na makala mbili za kozi za kuandika, na uso wa mtu anayetaka kuacha. Malalamiko yake nitayafupisha hivi: "Mdogo wangu, nimefundisha chuo miaka sita. Leo nasaini daftari la mahudhurio na kusahihishiwa kama niko fomu wani. Mimi nilikwenda kuandika tasnifu kuhusu wakulima wa pamba, wao wananipa pepa." Na mpango wake ulikuwa rahisi. Achukue kozi zile nyepesi, afufue makala zake za uzamili, abadilishe vichwa vya habari, azitume, apite, halafu "PhD yenyewe" ianze mwaka wa pili. Kwa lugha ya kampasi: adese kazi yake mwenyewe.

Nilimwambia hapana, na nikajua hapo nimejiletea kesi. Mdogo hamwambii dada hapana kirahisi huku kwetu. Ila ng'ombe watatu ni ng'ombe watatu jamani.

Kwanza tujiulize, haya madarasa yametoka wapi? Kwa nini wengine wanafanya PhD bila kukaa darasani hata siku moja na wengine wanakaa mwaka mzima au zaidi? Kwa ufupi ni mambo ya urithi. Marekani, chuo cha Yale kilitoa PhD za kwanza za nchi hiyo mwaka 1861, na Johns Hopkins, kilichofunguliwa mwaka 1876, kikaupa nguvu mtindo wa semina ambao Wamarekani waliuona Ujerumani. Waingereza walichelewa. Oxford walianzisha shahada yao ya uzamivu mwaka 1917, na wakaifanya ya utafiti mtupu: wewe, msimamizi wako na maktaba, basi. Chuo chetu cha Mlimani kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya mbawa za chuo kikuu cha London, kwa hiyo tukaurithi mtindo huo wa Kiingereza. Madarasa ya uzamivu yamekuja baadaye, na ndiyo maana mpaka leo kuna wazee wa chuo wanaoyaona kama kitu cha kuazima.

Je, njia moja ni bora kuliko nyingine? Sidhani. Walter Rodney alipata PhD yake London mwaka 1966, akiwa na miaka 24, kwa njia ya Kiingereza. Isaria Kimambo alipata yake mwaka 1967 Northwestern, Marekani, kwenye mila ya semina. Wote wawili wakaja kufundisha historia Dar es Salaam na wote wawili tunawasoma. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba darasa ni bora. Hoja yangu ni kwamba kama umeshawekwa kwenye njia ya darasa, ada umeshailipa. Swali lililobaki ni moja tu: utatoka humo na nini mkononi?

Na hapa nitaongea kama mwandishi wa habari. Kwenye chumba cha habari, kitu cha thamani kuliko vyote si kompyuta wala gari la ofisi. Ni mhariri anayesoma stori yako kabla haijatoka na kukwambia "hapa umechemsha". Ukishakuwa mkubwa hakuna anayekusoma hivyo tena. Watu watakusifia usoni na kukusema mgongoni. Sasa angalia mwanafunzi wa PhD. Akishamaliza kozi anaingia kwenye tasnifu, miaka mitatu, minne, wengine hata saba. Msimamizi ana wanafunzi wengine, ana vikao, ana safari. Unamtumia sura ya kwanza, unasubiri mwezi, unasubiri wa pili... Lakini katika kipindi cha kozi kuna watu ambao kazi yao ni kusoma ulichoandika, na kuna tarehe ambayo lazima wakirudishe. Wakati mwingine kama huo hautaupata katika shahada yote. Halafu wewe uutumie kuwasomesha makala yako ya miaka minane iliyopita? Hapo umemnyima nani?

Kwa hiyo nikamwambia dada: acha kuhesabu kozi, hesabu maswali. Una swali lako la pamba. Lipitishe kwenye kila kozi, kila kozi itoe kipande.

Akaniuliza, vipi? Tukakaa na karatasi.

Swali lake, kwa maneno ya kijijini, ni hili. Mkulima anakopeshwa mbegu na dawa ya kuulia wadudu mwanzoni mwa msimu. Akipeleka pamba gulio, deni linakatwa palepale. Kwa nini baadhi wanaendelea kulima na wengine wanaacha pamba na kuhamia kwenye dengu na mpunga? Hilo ni swali zito. Lina historia, lina nadharia, lina takwimu na lina watu.

Kozi ya nadharia inamtaka aandike makala kuhusu taasisi na maendeleo. Badala ya kuandika kuhusu taasisi za hewani, aandike kuhusu ushirika. Hapa Usukuma hatuna uhaba wa historia hiyo. Muungano wa vyama vya ushirika vya pamba wa Victoria, ule wa kina Paul Bomani, uliundwa mwaka 1955. Mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Baadaye serikali ikarudisha ununuzi kupitia AMCOS. Ukiandika makala hiyo vizuri, hiyo si kazi ya kozi tena. Ni nusu ya sura ya pili ya tasnifu, imeshasomwa na kusahihishwa na mtu anayelipwa kufanya hivyo.

Na wala asiseme mada ya kwetu ni ndogo kwa darasa la PhD. Mmarekani mmoja wa Harvard, Andrew Maguire, alikuja huku Usukuma miaka ya 1960 kufuatilia ushirika wa pamba na siasa za uhuru. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, na mwaka 1975 bwana huyo akaingia Bunge la Marekani. Buluda Itandala aliandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu historia ya Babinza, watawala wa kwetu huku, akaimaliza mwaka 1983 huko Dalhousie, Kanada. Watu wamevuka bahari na hizi habari zetu za watemi na pamba na zikatosha. Dada hata basi la Mwanza hajapanda, habari ziko uani kwake.

Kozi ya pili ni ya mbinu za utafiti, na makala yake inatakiwa ijadili namna ya kukusanya data. Mpango wake ulikuwa ajadili vitabu. Nikamwambia likizo hii si uko Mwamanyili? Tengeneza dodoso lako leo, ukalijaribu kesho. Akapita kwa mtendaji wa kijiji kueleza kwamba ni zoezi la darasani, akakubaliwa, akazunguka kwa siku tatu. Watu kumi na wawili tu.

Wadau, siku ya kwanza haikufika saa sita mchana dodoso likawa limekufa!

Swali la kwanza kabisa lilikuwa: "Mkuu wa kaya analima ekari ngapi za pamba?" Mji wa kwanza aliofika una baba mmoja, wake watatu, na kila mke ana shamba lake. Baba akajibu kwa ajili ya wote. Mke wa pili alipomsindikiza dada njiani akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba zile ekari mbili ni zake, amelima yeye na watoto, ila karani anaandika jina la mume na hela inapokelewa na mume. Na kwamba mwakani yeye atalima dengu, kwa sababu dengu anauza mwenyewe.

Soma tena hapo. Mke wa pili amejibu swali la tasnifu nzima akiwa njiani, na dodoso halikuwa hata na kisanduku cha kumwandika! Kama dada angelipeleka lile dodoso mwaka wa tatu kwa wakulima mia nne, na vijana wa kusaidia kukusanya data wakiwa wanalipwa posho kila siku, angerudi Dar na takwimu safi kabisa za kitu kisicho kweli. Hapa amepoteza siku tatu na madaftari mawili. Na makala ya kozi imejiandika: kwa nini neno "mkuu wa kaya" linaficha zaidi ya linavyoonyesha, na maswali yaulizweje ili mwenye shamba aonekane.

Hili nalo si jambo jipya, na nyumbani lina ukoo. Mwaka 1968 idara ya historia ya Dar es Salaam iliendesha mradi wa Maji Maji. Wanafunzi, wengi wakiwa wa shahada ya kwanza, walikwenda vijijini katika maeneo ya vita wakati wa likizo, wakawahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka miaka ya 1905 hadi 1907. Wakaandika ripoti zao, zikakusanywa. Wale wazee wameshaondoka wote. Ripoti zile za wanafunzi ndizo zimebaki, na mpaka leo mtu anayeandika kuhusu vita hivyo lazima azipitie. Gilbert Gwassa, mmoja wa walioongoza kazi hiyo pamoja na John Iliffe, alipata uzamivu wake hapo hapo mwaka 1973 kwa tasnifu ya vita hivyo. Mwaka huo huo Iliffe akahariri kitabu cha wasifu wa Watanzania, na waandishi wake wengi walikuwa wanafunzi. Hao hawakuwa hata na uzamili. Walichokuwa nacho ni mwalimu aliyewapa kazi ya kweli, na wao wakaifanya kama ya kweli.

Kozi ya tatu ndiyo iliyoleta ugomvi wenyewe. Muhula ujao anachagua: takwimu za ngazi ya juu, ambayo anaiogopa, au kozi nyingine ambayo kila mtu anajua mwalimu wake anagawa A kama pipi. Dada anataka pipi. Hoja yake ina uzito, tusimbeze. Ukifeli kozi kwenye uzamivu ni aibu na ni gharama, na kudisko ukiwa mhadhiri, na wanafunzi wako wanakuona, si mchezo. Isitoshe anafundisha huku anasoma.

Lakini hebu fikiria. Mtu akishapata uzamivu, nani atamuuliza alipata A ngapi kwenye kozi? Sijawahi kusikia. Watauliza tasnifu inasema nini na umeandika nini baada yake. Alama unazihitaji za kuvukia, ujue kiwango cha chuo chako ni kipi na ukivuke bila wasiwasi. Baada ya hapo, A ya pipi haikununulii chochote. Takwimu, kinyume chake, ni jembe. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikizifuatilia kaya zile zile kwa awamu tangu 2008/09, na data hizo zinapatikana kwa watafiti bila kulipia. Ziko pale. Asiyejua takwimu atazipita kama mtu anayepita kisima bila kamba. Na ukishaingia kwenye tasnifu ndipo ugundue hujui, utamlipa kijana wa mtaani "akuchambulie data", na siku ya kutetea tasnifu yako mtahini akiuliza jedwali la nne linasema nini, yule kijana hatakuwepo chumbani.

Halafu kuna jambo la mwisho, na nadhani ndilo wengi wanalisahau. Darasani kuna watu.

Wachumi wamelielewa hili mapema. Ule muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika wenye makao Nairobi, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988, ulianza mpango wa pamoja wa PhD mwaka 2002, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mmoja wa washiriki. Walivyoupanga ni hivi: mwanafunzi anasoma kozi za msingi kwenye chuo chake, kisha wote wanakusanywa Nairobi kwa miezi kadhaa kusoma kozi za kuchagua. Mtu wa Dar anakaa meza moja na mtu wa Ibadan na mtu wa Yaoundé, na walimu wanatoka pande mbalimbali. Baadaye wanawasilisha mawazo ya tasnifu zao mbele ya wachumi wenzao wa bara zima. Kwa nini kujisumbua kuwasafirisha watu wazima hivyo? Bila shaka walimu wa kozi hizo hawapatikani kila chuo. Lakini pia kwa sababu mtu uliyehangaika naye kwenye zoezi moja usiku ndiye atakayesoma rasimu yako miaka kumi baadaye.

Sisi Wasukuma tusihitaji kuambiwa hili na wachumi. Ngoma zetu za mashindano, Bagalu na Bagika, zinakuwa ngoma kwa sababu ng'ambo ya pili yuko mwenzako anayetaka kukuvutia watu wote. Mcheze peke yenu muone kama kuna atakayesimama kuwaangalia. Dada ana wenzake sita darasani. Nilimuuliza kila mmoja anaandika nini. Alimjua mmoja tu. Mwaka mzima! Nikamwambia kazi ya kwanza ukirudi ni kuwapelekea hao sita makala ya mke wa pili, na kuwaomba za kwao. Siyo kozi, wala haina alama, lakini miaka minne ijayo, msimamizi akiwa safarini, ni hao watakaomjibu.

Sasa wapo watakaosema huyu mwandishi anaota. Kuna kozi mbovu. Kweli zipo. Kuna walimu wanaosoma noti za tangu enzi za chaki, na wapo wanaotokea wiki ya kwanza na wiki ya mitihani. Ushauri wangu kwa hizo ni wa kibahili: zipe kinachotosha kuvuka, na nguvu uliyookoa ipeleke kwenye kozi yenye mwalimu anayesoma kweli. Kosa la dada lilikuwa kuziweka zote kwenye gunia moja. Kila mkulima hapa anajua unachambua pamba safi na fifi kabla ya kufika mizani, kwa sababu ukizichanganya utalipwa zote kwa bei ya fifi.

Tumefikia wapi? Makala ya ushirika ameanza, kurasa tisa. Makala ya dodoso imekwisha na jana usiku alinisomea kwa sauti, nikamkata mara mbili kama mhariri mnoko na akanivumilia. Kuhusu takwimu bado amenuna. Amesema ataamua akifika chuo, na mimi nimeacha kumsumbua, kwa kuwa atakayekaa kwenye kile chumba cha mtihani ni yeye.

Mama mkubwa, ambaye alikuwa anasikiliza huku anachambua dengu, yeye aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo huyo mke wa pili, ukimaliza kuandika, karani ataandika jina lake?"

Dada hakujibu. Ila nimeona asubuhi ameliandika swali hilo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu.

Ninyi mlioko kwenye madarasa hayo, muhula mpya ukianza jaribuni hili: kabla ya kusoma mtaala wa kozi, andikeni swali lenu kwenye karatasi moja, mkae nalo darasani. Kozi itakayoligusa, ikamueni. Isiyoligusa, vukeni salama.

Ni hayo kwa leo. Betri inaniaga na jua limeshazama ziwani. Alamsiki.